Vijiti vya Sultani na Waziri: Michezo ya Bahati ya Karne ya 19 na Majina ya Kazi katika Kiswahili cha Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya michezo ya bahati ya karne ya 19 na majina ya kazi na vyeo yaliyofika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika pamoja na lugha ya Kiswahili. Kiini cha uchunguzi ni tiabu, mchezo wa kurusha vijiti uliosajiliwa katika msamiati wa Unguja wa wakati huo. Mchezo huo unalinganishwa na ule wa vijiti wa Misri, uliowagawia wachezaji usultani na uwaziri kwa mrusho, na pia na michezo ya Ulaya iliyofundisha watoto kazi kwa dadu au pia. Hoja inayotetewa ni kwamba majina ya vyeo vinavyopatikana kwa bahati hayakuota mizizi katika mazingira ya Bujumbura, ilhali majina ya kazi za mikono yaliota hata yakaingia katika Kirundi. Hoja hiyo ina uzito wa kisera kwa wakati huu ambapo Kiswahili kinafundishwa katika shule za Burundi.

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Burundi huandikwa kwa kufuata njia tatu zilizozoeleka: biashara ya misafara, dini ya Kiislamu, na utawala wa Wajerumani kisha Wabelgiji. Njia hizo ni za kweli, lakini zote humtazama mtu mzima: mfanyabiashara, shehe, askari. Mtoto haonekani. Hata hivyo lugha haihamii mahali pamoja na wazee peke yao. Inapofika, hupita pia katika midomo ya watoto wanaocheza, na katika michezo hiyo ndimo mtoto anapopata mara ya kwanza majina ya watu wa dunia yake: nani ni mkubwa, nani anapiga, nani anapigwa, nani anajua kutengeneza kitu.

Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kulitaja. Je, ni majina gani ya vyeo na kazi, kati ya yale yaliyobebwa na Kiswahili cha karne ya 19, yaliyobaki Bujumbura, na ni yapi yaliyopita tu? Mchezo wa bahati unafaa kuwa kipimo cha swali hilo kwa sababu huigawanya jamii waziwazi, bila haya, mbele ya macho ya watoto.

2.0 Dadu, pia na vijiti

Msamiati wa Kiswahili wa michezo una matabaka yanayoonekana kwa urahisi. Bao, lenye asili katika neno ubao, na kete zake ni tabaka la Kibantu. Karata na turufu ni tabaka la Kireno, na ndivyo ilivyo kwa majina ya karata zenyewe: kopa, uru, shupaza na pao. Neno dadu nalo huhusishwa na dado la Kireno. Kamari na sataranji zilikuja kwa njia ya Kiarabu. Mtoto wa pwani aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 alikuta maneno haya yote yamekwisha kukaa pamoja.

Kwa upande wa Ulaya, karne hiyo ndiyo iliyozaa kwa wingi michezo ya ubao iliyokusudiwa kumfundisha mtoto njia za maisha. Mchezo wa bukini, wenye vyumba 63 vilivyopangwa kwa mzunguko kama konokono, ulikuwa wa kale, lakini wachapaji wa karne ya 19 waliugeuza kwa kila namna. Huko Uingereza, mwaka 1851, John Jaques alianza kuuza karata za familia za wenye kazi: mwoka mikate, mchinjaji na wenzao, kila mmoja na mkewe na watoto wake. Huko Marekani, mwaka 1860, Milton Bradley alitoa mchezo wa maisha ambao mtoto alipita katika vyumba vya shule, chuo, ufukara, gereza na utajiri kabla ya kufika uzeeni.

Kuna jambo moja katika mchezo wa Bradley linalostahili kuangaliwa na msomaji wa Afrika Mashariki. Haukuwa na dadu. Dadu lilinuka kamari, na wazazi wacha Mungu hawakulitaka ndani ya nyumba, kwa hiyo mahali pake pakawekwa pia yenye pande zilizoandikwa namba. Ni hofu ileile iliyokuwa pwani ya Uswahilini, ambako maisir imeharamishwa na Kurani na wanachuoni walilitilia shaka dadu hata lisipowekewa dau. Watu wa dini mbili wasiofahamiana walitafuta njia moja: kumwachia mtoto bahati, lakini kukibadilisha chombo chake. Ulaya walichagua pia. Katika ulimwengu wa Kiarabu na pwani yetu vilikuwako vijiti.

3.0 Tiabu na jamaa zake

Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, aliorodhesha tiabu na kuieleza kuwa ni mchezo wa kurusha vijiti juu na kutazama vinavyoanguka. Maelezo ni mafupi, kama yalivyo maelezo mengi ya Steere, lakini yanatosha kuonyesha kanuni yake: kijiti kina pande mbili, na upande unaoangukia juu ndio unaoamua. Hilo ni dadu kwa kila hali isipokuwa umbo.

Jina na utendaji wa tiabu vinaukaribia mchezo wa tab uliochezwa Misri, ambao Edward William Lane aliueleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1836 kuhusu mila za Wamisri. Vijiti vya tab vilikuwa vinne, vimechongwa kutoka fito za mtende, upande mmoja mweupe na wa pili wa rangi ya gome. Idadi ya pande nyeupe ndiyo iliyohesabiwa. Vikianguka vyote vinne kwa upande wa gome, mrusho ulihesabiwa sita. Mara nyingi vijiti hivyo vilitumika pamoja na ubao wa safu nne. Lakini Lane anataja pia namna nyepesi isiyohitaji ubao, na hiyo ndiyo inayohusu mada hii. Aliyerusha nne aliitwa Sultani. Aliyerusha sita aliitwa Waziri, naye alishika kipande cha fimbo ya mtende iliyopasuliwa ncha. Kila aliyerusha mbili alipigwa nyayoni.

Ni vigumu kuupata mchezo mwingine unaoieleza dola kwa maneno machache kiasi hiki. Cheo hakikutokana na ukoo wala elimu. Kilianguka kutoka hewani, kikakaa kwa mtu mpaka mrusho mwingine ukiondoe. Aliyepigwa hakuwa na kosa lolote ila vijiti viwili vilivyolala vibaya.

Mchezo huu haukuwa pekee. Thomas Hyde, aliyechapisha huko Oxford mwaka 1694 kitabu juu ya michezo ya mashariki, alieleza jinsi pande nne za kifupa cha kifundo cha mnyama zilivyopewa majina ya watu: mfalme, waziri, mkulima na mwizi. Hapo mkulima ameingia, na hilo ni jambo la maana, kwa kuwa ndiye pekee kati ya wanne anayefanya kazi ya kuzalisha. Ila fundi hayumo. Mhunzi, seremala, mshonaji, mfinyanzi, wote hawana upande wao katika mfupa. Watungaji wa michezo hii, kama ipo haki ya kuwaita watungaji, waliona kwamba usultani unaweza kurushwa lakini uhunzi hauwezi. Mtu haamki asubuhi akawa mhunzi.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na njia yake ya kumpeleka mtoto kwenye ufundi, nayo ilikuwa ni kumkabidhi kwa fundi, akae naye, amtumikie, aangalie. Michezo yake iliandaa njia hiyo kwa kuigiza kuliko kwa kubahatisha. Steere huyohuyo anaorodhesha tinge, mchezo wa kufuatisha kila tendo la kiongozi. Mtoto anayecheza tinge anafanya kwa mwili wake kile atakachofanya miaka michache baadaye karakanani: kutazama mkono wa mwenzake na kuurudia. Bao nalo linafundisha hesabu na subira, na kete zake, tofauti na vipande vya sataranji, hazina mfalme wala askari. Zote ni sawa. Thamani ya kila moja inatokana na shimo iliyomo na mkono unaoitaka.

4.0 Njia ya misafara mpaka Usumbura

Maneno hayo yalipanda bara kwa miguu. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakaukuta tayari ni mji wenye wafanyabiashara wa pwani, na mwezi Aprili wakaelekea Uvira kwa mitumbwi. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley walizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa kutazama mto Rusizi. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871. Mwaka 1879 wamisionari wa Shirika la Mapadri Weupe walifika Rumonge, na mwaka 1881 baadhi yao wakauawa huko. Katika miaka iliyofuata, Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuisukuma nguvu yake kutoka Ujiji kuingia Burundi, na majeshi ya Mwezi Gisabo yakamzuia.

Historia hiyo ya vita na biashara ya watumwa haipaswi kufichwa nyuma ya michezo. Inasaidia hata kueleza kwa nini Kiswahili kiliingia Burundi kikiwa na sura mbili. Kwa mtu wa milimani kilikuwa lugha ya watu wa ziwani wenye bunduki. Kwa watu wa ziwani kilikuwa lugha ya kupanga kazi.

Sura hii ya pili inaonekana vizuri katika majina ya watu wa msafara. Mpagazi, mnyapara na kirangozi ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapata kwa kukaa na Wanyamwezi, si kwa kukaa pwani. Mnyapara, aliyekuwa mkubwa wa kundi, akaja kuwa msimamizi wa vibarua. Kwa hiyo msamiati wa kazi uliofika ziwani haukuwa mzigo uliofungwa Bagamoyo na kufunguliwa Ujiji. Ulifungwa na kufunguliwa njiani, kila kambi ikiongeza chake. Selemani bin Mwenye Chande, ambaye habari za safari yake ya bara zimo katika mkusanyiko wa Carl Velten wa mwaka 1901, anaandika kutoka ndani ya ulimwengu huo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa jirani ya Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, alimwangalia mtoto wa pwani na michezo yake kwa makini ambayo wasomi wa baadaye hawakumfikia. Vitabu hivi viwili vikisomwa pamoja, mtoto na mpagazi wanaonekana kuwa watu wa lugha moja.

Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, walileta askari na amri zilizosemwa kwa Kiswahili. Mwaka 1906 Usumbura ikawa makao ya Rezidenti wa Urundi, mpaka makao hayo yalipohamishiwa Gitega mwaka 1912.

5.0 Vyeo vilivyopita, kazi zilizobaki

Sasa inawezekana kurudi kwenye vijiti. Ukiyachukua majina ya mchezo wa Lane na ya mfupa wa Hyde, ukayatafuta katika Kirundi, utapata jibu lililo wazi kuliko linavyotarajiwa.

Sultani. Maofisa wa Kijerumani walimwandika Mwezi Gisabo kwa cheo hicho katika karatasi zao, kama walivyowaandika watawala wengi wa bara. Alipokubali masharti ya Kiganda mwaka 1903, kwa karatasi hizo alikuwa sultani mmoja miongoni mwa masultani. Kwa Warundi alikuwa umwami, na jina hilo halikutikisika. Ilikuwa kana kwamba boma limerusha vijiti, likamwona mtu ameangukiwa na nne, likamwita kwa jina la mchezo wake lenyewe.

Waziri. Kiswahili cha leo kinalitumia kila siku kwenye magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi. Kirundi kinasema umushikiranganji. Mwizi ni igisuma. Mkulima ni umurimyi, neno ambalo halikuhitaji kukopwa kutoka popote.

Ni jina moja tu la daraja hilo la mamlaka lililovuka, nalo lilivuka kwa upinde. Umusirikare, mwanajeshi, linahusishwa na serikali ya Kiswahili: dola imegeuka kuwa mtu anayebeba bunduki yake. Wanaisimu wanaweza kuliita badiliko la maana. Watu wa kawaida wa wakati ule labda hawakuona badiliko lolote. Serikali waliyokutana nayo ilikuwa ni huyo mtu.

Upande wa kazi hali ni nyingine. Fundi ameingia Kirundi akawa umufundi, wingi abafundi, akavaa viambishi vya ngeli ya watu kana kwamba alizaliwa humo. Soko limekuwa isoko. Shule, ambayo Kiswahili chenyewe kiliikopa Kijerumani, imekuwa ishure. Maneno haya hayakuhitaji amri. Aliyetaka mlango wake utengenezwe, nguo yake ishonwe au chumvi yake iuzwe aliyahitaji jioni hiyohiyo. Mrusho wa vijiti hauwezi kumpa mtu neno la namna hiyo, na boma pia halikuweza.

Bujumbura ina ushahidi mwingine wa jambo hili, nao ni ramani yake. Chini ya Wabelgiji, wakazi walioitwa Waswahili waliwekwa katika mtaa wao, na Buyenzi ikawa mahali ambapo Uislamu, lugha ya Kiswahili na kazi za mikono vilikaa pamoja. Jina Mswahili lenyewe likafanya kazi kama jina la daraja: halikutaja kabila, lilitaja namna ya kuishi mjini. Utawala uliona kundi la watu wa kuhesabiwa na kudhibitiwa. Waliokwenda Buyenzi kutengeneza gari au kushonesha kanzu waliona mafundi. Kati ya macho haya mawili, la pili ndilo lililoishi muda mrefu zaidi: hata leo dereva wa Bujumbura mwenye gari bovu anajua aelekee upande gani wa mji, awe anasema Kiswahili au hasemi. Na soko kuu la jiji lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, sehemu ya biashara na ufundi uliokuwa umebanana humo ilihamia mitaani, na maneno yake yakahama nayo.

6.0 Suala la vitabu vya shule

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar imepewa jukumu hilo. Kiswahili kimeingia katika madarasa ya shule za msingi za Burundi. Mafanikio haya si madogo, na walioyapigania wanastahili heshima.

Lakini sera inayokileta Kiswahili kama lugha mpya ya ukanda inaweza kusahau kwamba jijini Bujumbura kuna watoto wasiokipokea bali wanakuja nacho. Somo la kazi za watu, ambalo ni la kawaida katika vitabu vya lugha vya madarasa ya chini, ndilo linalofichua tatizo. Orodha yake kwa kawaida huanzia juu: rais, waziri, rubani, daktari, mwanasheria. Ni orodha ya vijiti. Mtoto anafundishwa vyeo ambavyo hajapata kuviona vikifanyiwa kazi, huku fundi aliye hatua 20 kutoka mlango wa darasa akitajwa mwishoni, ikiwa anatajwa, na kwa neno moja lisilo na matawi. Ilhali ufundi ndio wenye msamiati mpana mtaani: mafundi wa magari, wa cherehani, wa viatu, wa redio na simu, kila mmoja na vitendo vyake vya kukaza, kulegeza, kupiga pasi, kuunga na kujaribu, pamoja na majina ya zana ambayo mengi yana asili ya Kifaransa. Msamiati huu haujapewa nafasi yake katika kamusi sanifu, na kwa hiyo mwandishi wa kitabu anayefungua kamusi hauoni.

Kazi inayofaa kuanzwa si kubwa. Wanafunzi wa isimu wa Chuo Kikuu cha Burundi, wakishirikiana na Kamisheni, wanaweza kuwarekodi mafundi wakiwa kazini na watoto wakiwa michezoni, katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza na kando ya ziwa mpaka Rumonge. Michezo irekodiwe na kanuni zake, si majina yake tu. Steere alituachia jina la tiabu na sentensi moja, na sentensi moja ni chakula kidogo kwa miaka 150. Rekodi hizo zitumike kabla vitabu havijaandikwa, wala si baadaye kama kiambatisho.

Na kuna uamuzi mmoja ambao hauwezi kusubiri rekodi, kwa sababu walimu wanaufanya kila wiki kwa wino mwekundu. Wingi wa fundi katika Kiswahili sanifu ni mafundi. Kirundi kinasema abafundi. Ng'ambo ya ziwa, katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, husikika bafundi, na mtoto wa Bujumbura anayezisikia zote tatu kabla ya kufika shuleni huenda akaiandika hiyo ya tatu. Mwongozo wa usahihishaji haujaeleza kama akosolewe, au aonyeshwe kwamba ameshika mnyororo wa ngeli unaoziunganisha lugha zake zote, kisha afundishwe umbo sanifu likiwa nyongeza juu ya lile alilo nalo. Wataalamu wa mitaala wa Bujumbura na wa Zanzibar wanaweza kuuandika mwongozo huo kwa kikao kimoja.